Kisukari cha watoto: si mkono wa mtu, ni askari wa mwili waliokosea



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao si wa kila siku katika wodi zetu, lakini unapomwingia mtoto na usitambuliwe mapema, humaliza maisha yake kwa wiki chache. Ni kisukari cha watoto na vijana, ambacho waganga wa hospitali hukiita kisukari aina ya kwanza. Nitaeleza pia jambo ambalo wazazi huniuliza sana: je, ugonjwa huu ni wa ukoo?

Nianze na kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwetu usiku mvulana wa miaka 12 kutoka kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita. Alikuwa amekonda, midomo imekauka, anahema kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Baba yake alisema ni malaria kali, na kwamba zahanati aliyopitia ilikuwa imemtundikia dripu ya sukari. Tukamtoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye mashine. Mashine haikuonyesha namba. Ilionyesha alama inayomaanisha kwamba sukari imezidi uwezo wa mashine kuipima.

Wakati tunamhudumia, baba akaninong'oneza: "Sista, huyu ni wa pili. Dada yake alikufa hivi hivi mwaka juzi." Kisha akaongeza kwamba mganga wa kienyeji alikuwa amekwisha kumtaja bibi mmoja wa ukoo wao, mjane, na kwamba bibi huyo alikuwa amekimbilia kwa binti yake wilaya nyingine kwa kuhofia maisha yake.

Sisi watu wa Shinyanga, Geita na Mwanza hatuhitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Tunajua ni bibi wangapi wenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe waliouawa kwa mapanga katika miaka ya 1980 na 1990, kwa sababu tu mtoto fulani alifariki na hakuna aliyejua kwa nini. Ndiyo maana naona ni wajibu wangu kueleza kwa nini watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kuugua ugonjwa uleule bila mkono wa mtu yeyote.

KISUKARI HIKI NI NINI?

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Ndani yake mna visiwa vidogo vya chembe zinazotengeneza insulini. Kazi ya insulini ni kufungua milango ya chembe za mwili ili sukari iliyo katika damu iingie na kutumika kama kuni jikoni. Bila insulini, sukari hubaki kwenye damu, humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji mengi mwilini. Mtoto anakula ugali au michembe na bado mwili wake unaona njaa. Mwili unaanza kuunguza mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo ni sumu iitwayo ketoni. Hiyo ndiyo inayoleta kuhema kwa nguvu, kutapika, harufu ya pumzi, na mwisho kupoteza fahamu.

Kisukari cha watu wazima ni tofauti. Wao mara nyingi bado wana insulini, lakini mwili hauitii, na wengi wao hutibiwa kwa vidonge. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza hana insulini ya kutosha kuishi, na hakuna kidonge, majani wala mizizi inayoweza kuchukua nafasi yake. Kabla ya insulini kupatikana huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, watoto wote wa namna hii walikufa. Wa kwanza kudungwa dawa hiyo alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, mnamo Januari 1922.

ASKARI WANAOMSHAMBULIA MWENYE NYUMBA

Wasomaji wetu wanakumbuka mafundisho ya UKIMWI: mwilini tuna askari wanaotulinda, na virusi huwaua hao askari. Katika kisukari aina ya kwanza cha kawaida, askari hawajafa. Wako hai na wana nguvu, lakini wamekosea adui. Wanazivamia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua polepole, kwa miezi au miaka, bila mtoto kuhisi chochote. Dalili hujitokeza pale ambapo sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha haribika. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hapa kilicho nguoni ni mwili wenyewe, wala si bibi wa jirani.

Askari hao wanapofanya kazi huacha alama katika damu. Alama hizo ni antibodi, yaani silaha ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya kitu unachokiona ni kigeni. Zile zinazoelekezwa kwa mwili wenyewe tutaziita antibodi za kujishambulia. Wanasayansi wa London walizigundua dhidi ya visiwa vya kongosho mwaka 1974. Baadaye zikatambuliwa moja moja: mwaka 1983 zile zinazopinga insulini yenyewe, mwaka 1990 ikajulikana nyingine inayopinga protini iitwayo GAD, kisha ile ya IA-2, na mwaka 2007 ile ya ZnT8.

Tuzielewe hivi: antibodi hizi ni kama moshi unaoonekana juu ya paa. Moshi si moto wenyewe, maana kazi kubwa ya kuua chembe hufanywa na aina nyingine ya askari, lakini moshi unaonyesha kwamba ndani kuna kitu kinaungua. Utafiti mkubwa wa watoto wa Ulaya na Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mtoto mwenye antibodi za aina mbili au zaidi, watoto 70 kati ya 100 wa namna yake hupata kisukari ndani ya miaka 10. Mwenye aina moja tu, ni kama 15 kati ya 100.

JE, NI UGONJWA WA UKOO?

Jibu langu ni hili: kinachorithiwa si ugonjwa, ni wepesi wa kuupata.

Kila mmoja wetu amepokea kwa baba na kwa mama vinasaba, yaani maandishi madogo sana ndani ya kila chembe yanayoeleza mwili ujengwe vipi. Yamepangwa katika mafurushi yaitwayo kromosomu. Kwenye kromosomu ya 6 kuna kundi la vinasaba liitwalo HLA, na tangu miaka ya 1970 imejulikana kwamba hili ndilo lenye uzito mkubwa kuliko mengine yote katika kisukari aina ya kwanza.

Kazi ya HLA ni ipi? Fikiri juu ya lango la mgodi. Mchimbaji anapotoka, mlinzi humtaka aonyeshe kilichomo mfukoni. HLA ni kama ule mkono unaotoa vitu mfukoni na kumwonyesha mlinzi. Mikono haifanani. Kuna mikono inayoshika kipande cha insulini vizuri, mlinzi akaona ni mali halali, akaruhusu. Kuna mingine inayokishika kwa namna ambayo mlinzi anadhani ni mwizi, akapiga filimbi. Mikono yenye hatari zaidi hupewa majina ya DR3 na DR4, na mtoto aliyepata DR3 kwa mzazi mmoja na DR4 kwa mwingine yuko katika hatari kubwa kuliko wengi. Vilevile kuna mikono inayolinda, mmojawapo ukiitwa DR15.

Kinasaba kingine kipo kwenye kromosomu ya 11, na ndicho kinachoamuru utengenezaji wa insulini. Askari wetu hupata mafunzo utotoni katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huko huonyeshwa mali za mwili ili wasizipige baadaye. Watu wengine wana maandishi yanayofanya insulini ionyeshwe kidogo tu kwenye mafunzo hayo, na askari wao humaliza depo bila kuijua vizuri.

Vinasaba huonekana pia kuchagua ni antibodi ipi itangulie. Utafiti uitwao TEDDY umefuatilia watoto zaidi ya 8,000 tangu kuzaliwa huko Marekani, Ufini, Uswidi na Ujerumani. Umeonyesha kwamba wenye DR4 mara nyingi huanza na antibodi dhidi ya insulini wakiwa wadogo sana, katika mwaka wa pili wa maisha. Wenye DR3 mara nyingi huanza na ile ya GAD, na huchelewa zaidi. Kwa hiyo ugonjwa tunaouita kwa jina moja huenda una njia zaidi ya moja ya kuingia.

Lakini vinasaba peke yake havitoshi. Ushahidi ni mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile. Mmoja akiugua, katika tafiti nyingi pacha mwenzake huugua katika takriban nusu ya jozi au pungufu, ingawa wengine hufuata baada ya miaka mingi. Nyasi kavu haziwaki zenyewe, zinangoja cheche. Cheche hiyo bado inatafutwa, na baadhi ya virusi vya tumbo ni miongoni mwa vinavyoshukiwa zaidi.

HESABU AMBAYO KILA MZAZI ANAULIZA

Takwimu hizi zimetoka kwa watu wa asili ya Ulaya, ambako ugonjwa huu ni mwingi. Mtoto akiwa nao, ndugu yake wa kuzaliwa ana nafasi ya kuupata kama 6 kati ya 100. Mama akiwa nao, mtoto wake ana nafasi kama 2 au 3 kati ya 100. Baba akiwa nao, kama 5 au 6 kati ya 100. Maana yake ni kwamba ndugu wengi na watoto wengi hawaupati. Na watoto walio wengi wanaougua, zaidi ya 8 kati ya kila 10, hawana ndugu wa karibu mwenye ugonjwa huo.

Kwa hiyo msimkatae binti mwenye kisukari aina ya kwanza eti ataharibu ukoo. Anaweza kuolewa na kuzaa, ila mimba yake ipangwe na ifuatiliwe hospitali. Na mume asimtupie mke lawama kwamba ameleta damu mbaya. Vinasaba vya hatari hutoka pande zote mbili, na mzazi anayevitoa kwa kawaida ni mzima, hajui kama anavyo, wala hakuchagua.

MBONA KWETU NI TOFAUTI KIDOGO?

Ufini huonyesha watoto wagonjwa wapya zaidi ya 50 kwa kila watoto 100,000 kila mwaka. Hapa nchini, madaktari wa Muhimbili walihesabu wagonjwa wapya wa Dar es Salaam kwa miaka 10, tangu 1982 hadi 1991, wakapata kama 1 na nusu tu kwa kila 100,000 walio chini ya miaka 20. Sababu moja huenda ni vinasaba vyetu. Sababu nyingine ni chungu zaidi: mtoto aliyekufa kabla ya kupimwa sukari hahesabiwi. Anaandikwa malaria, au haandikwi kabisa.

Tofauti nyingine iko kwenye zile antibodi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa Dar es Salaam ulioonyesha kwamba wengi wa waliohesabiwa kuwa na aina ya kwanza hawakuwa na antibodi zilizopimwa, tofauti na Wazungu. Mwaka 2025 ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa Uganda, Kameruni na Afrika Kusini. Walipimwa watu 894 ambao ugonjwa uliwaanza kabla ya miaka 30. Watu 65 kati ya kila 100 hawakuwa na antibodi hata moja kati ya tatu zilizopimwa, na vinasaba vyao vya hatari vilikuwa vichache kuliko vya wale waliokuwa nazo. Hata hivyo insulini yao ilikuwa imepungua sana.

Maana yake ni nini? Ni kwamba baadhi ya watoto wetu hupoteza insulini kwa njia ambayo si ya askari kukosea. Njia hiyo bado inachunguzwa. Mwaka huohuo wa 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi kisukari kinachohusishwa na utapiamlo, likakiita aina ya tano, na wapo wanaouliza kama njaa ya tumboni mwa mama na ya utotoni inachangia hapa kwetu.

Na kwa kuwa nimetaja chakula, niseme neno juu ya mihogo, maana wengi huilaumu. Watafiti walikwenda katika kijiji cha Nyambori mkoani Mara, ambako watu waliishi kwa kula mihogo yenye sumu nyingi, na taarifa yao ya mwaka 1992 ilisema kwamba mihogo haikuwa chanzo cha kisukari. Mihogo michungu ina madhara yake isipoandaliwa vizuri, lakini ugonjwa huu tusiusingizie mihogo.

Jambo la kushika ni hili: mtoto mwenye antibodi na asiye nazo, wote huanza na insulini. Kipimo cha antibodi ni cha maabara kubwa na ni ghali. Hakihitajiki kuanza tiba, na kutoziona antibodi si ruhusa ya kuacha sindano. Kubadilisha dawa ni uamuzi wa daktari wa kisukari peke yake.

DALILI ZA KUTAZAMA

1. Kunywa maji mno, hata kuamka usiku kutafuta maji.
2. Kukojoa mara nyingi. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena. Wengine huona sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo.
3. Kukonda haraka ingawa anakula.
4. Uchovu, na kushindwa kufuatilia masomo darasani.
5. Dalili za hatari: kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu, harufu ya matunda kwenye pumzi, usingizi usio wa kawaida.

Huko machimboni mtoto anayekonda hudhaniwa ana UKIMWI au kifua kikuu. Anayekunywa maji sana husemwa ni joto. Anayehema hupewa dawa ya malaria. Nawaomba wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: kabla ya kutundika dripu ya sukari kwa mtoto yeyote anayehema au aliyelegea, toboa kidole kwanza. Kipimo kinachukua muda usiofika dakika moja. Mwenye dalili na sukari ya 11.1 au zaidi ana kisukari, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asingoje kesho.

Nawe mzazi uliyekwisha kumpata mtoto mmoja mwenye ugonjwa huu, usiishi kwa hofu juu ya wadogo zake, ila ukiona dalili hizo kwao, wahi. Tumezoea kusema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ugonjwa huu kinga kamili bado. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo teplizumab inayowatuliza askari na kuchelewesha ugonjwa kwa takriban miaka 2, lakini bado haijawa dawa ya kutegemewa kwetu. Kinga yetu ya leo ni kuwahi.

KUISHI NA INSULINI

Sindano hazikosekani hata siku moja. Mtoto akiugua na kukataa chakula, usimwachishe insulini kwa uamuzi wako, mlete hospitali. Akitetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa baada ya sindano, sukari imeshuka: mpe upesi maji ya sukari, soda au asali kama anaweza kumeza. Soda hiyo ni dawa ya dharura, si kinywaji chake cha kila siku.

Joto la Shinyanga huharibu insulini. Kama huna jokofu, weka mtungi wa udongo ndani ya chombo chenye mchanga, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, insulini ikae ndani ya mtungi mahali penye kivuli na upepo. Isigandishwe kamwe, ikiganda imekufa.

Kuhusu gharama, Chama cha Kisukari Tanzania pamoja na wahisani wamekuwa wakisaidia watoto kupata insulini na huduma bila malipo katika kliniki maalumu. Uliza hospitali ya mkoa wako au Bugando, Mwanza, kabla hujauza ng'ombe.

Yule mvulana alikaa wodini wiki mbili. Siku ya kuondoka nilimwita baba na wazee wawili wa ukoo, nikawachorea kwenye karatasi namna mbegu ya baba na ya mama zinavyokutana, na kwa nini watoto wao wawili waliugua na wengine wanne ni wazima. Walinyamaza muda mrefu. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo yule bibi tumemkimbiza bure?" Nikamjibu ndiyo. Mwaka uliofuata bibi alirudi nyumbani kwake, ingawa niliambiwa kwamba majirani wengine hawamsalimu mpaka leo. Kijana yuko sekondari, anajidunga mwenyewe, na akija kliniki hunionyesha daftari lake la vipimo. Dada yake hatukumwahi.

Ndugu msomaji, ukimaliza ukurasa huu mpe na jirani asome. Hadi mwezi ujao, nawatakieni afya njema.